P0171 imerudi baada ya kubadilisha sensa ya oksijeni

SWALI: Natumia Corolla Fielder ya 2008, injini ya 1NZ-FE. Taa ya injini iliwaka, mashine ikasoma P0171. Fundi akabadilisha sensa ya oksijeni, taa ikazimika, ila baada ya siku chache imewaka tena. Nikisimama kwenye foleni gari linatetemeka kidogo. Ninunue sensa nyingine?

JIBU: Usinunue, ndugu yangu. P0171 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema hewa imezidi petroli, na kompyuta imeongeza petroli mpaka ikafika kikomo chake. Sensa ndiyo iliyopeleka taarifa. Ingekuwa mbovu yenyewe, mara nyingi ungeona namba zake, kama P0133 au P0135.

Taa ilizimika kwa sababu kumbukumbu ilifutwa. Kwa namba hii kompyuta husubiri ione hitilafu katika safari mbili mfululizo ndipo iwashe taa, hivyo zile siku chache hazikuthibitisha chochote.

Mwambie fundi asiishie kusoma namba. Afungue data za injini inayounguruma, atazame LTFT (ya muda mrefu) na STFT (ya muda mfupi), yaani asilimia ya petroli inayoongezwa au kupunguzwa. Injini ikishapata moto, asome kwanza bila kukanyaga mafuta, kisha kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Jumla ya hizo mbili ikiwa ndani ya asilimia 10, juu au chini ya sifuri, si mbaya.

Ikiwa ni 25 gari likiwa limesimama, halafu inashuka hadi 4 au 5 ukikanyaga, kuna hewa inayoingia kwa wizi, bila kupimwa na sensa ya hewa. Injini isipokanyagwa huvuta hewa kidogo, kwa hiyo hata ufa mdogo huharibu hesabu; ukikanyaga, ufa huo haufui dafu. Kwa mtetemo unaoueleza, naanzia hapa. Kagueni mikunjo ya bomba la mpira baada ya sensa ya hewa, mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa), mpira wa hydrovac ya breki, na gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa. Nyunyizieni maji kidogo kidogo kwenye maungio mkisikiliza mngurumo ukibadilika. Wapo wanaonyunyizia petroli. Ekzosi ikiwa ya moto, huko ni kutafuta moto.

Asilimia ikipanda kadiri unavyokanyaga, hadithi ni nyingine: sensa ya hewa ina vumbi, au petroli haifiki ya kutosha. Sensa hiyo ya hewa husafishwa kwa dawa yake maalumu, bila brashi wala kidole, ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Isiposaidia, pimeni presha ya petroli kwa geji. Iwe kama bar 3 hivi. Chini ya hapo, angalieni pampu na chujio ndani ya tangi.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa sensa ya oksijeni imefunguliwa juzi: ekzosi ikivuja kabla ya sensa hiyo, hewa ya nje huingia na kuidanganya. Hakikisheni imekazwa.

Mkishatengeneza, futeni namba, endesha siku mbili tatu, kisha someni asilimia zile zile tena.