Mkono wa baba unatetemeka ndani ya swala: je, swala inabatilika?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Baba yetu ana miaka 74 na anaugua Parkinson. Mkono wake wa kulia hautulii hata akifunga mikono kifuani, na kuinuka kutoka sijda humchukua muda. Mzee mmoja msikitini alimwambia kuwa mitikisiko mitatu mfululizo inabatilisha swala. Tangu siku hiyo anaswali chumbani, na kila swala anairudia mara mbili tatu. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwambie baba leo hii, kabla ya swala inayofuata: swala zake ni sahihi, asirudie hata moja.

Kanuni aliyoitaja mzee huyo imo kweli katika madhehebu ya Imam Shafi. Lakini wanazuoni hao hao wanakusudia harakati ya hiari. Mwenye kutetemeka bila kuweza kujizuia wamemtoa humo. Na baba hajitikisi. Katika ubongo wake zimekufa seli nyingi zinazotengeneza dopamini, ambayo bila yake viungo huchelewa kutii na hukakamaa. Mtetemeko wa maradhi haya huonekana zaidi mkono ukiwa umepumzika, na huzidi mtu akiingiwa na wasiwasi. Nahofia maneno yale yamemzidishia kile kile alicholaumiwa.

Kuhusu kusimama, Imran bin Huswayn (r.a.) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya swala. Akajibiwa: "Swali kwa kusimama, usipoweza, kwa kukaa, usipoweza, kwa ubavu." Ameipokea Bukhari. Wagonjwa wa Parkinson huanguka kwa urahisi, na wengine shinikizo la damu huwashuka ghafla wanapoinuka. Baba akiogopa kuanguka, akae kitini, ainame kwa rukuu, na kwa sijda ainame chini zaidi. Akiweza kusimama rakaa ya kwanza tu, asimame hiyo, zilizobaki akae.

Angalieni na saa. Dawa inayotumika sana, levodopa, ina muda wa kushika na muda wa kwisha nguvu. Wakati wa Adhuhuri ni mpana. Aswali pale mwili umemlainikia. Msimkimbize kwa sababu adhana imelia.

Msikitini arudi, tena mumsindikize. Miguu ikimganda mlangoni, msimvute mkono. Mwambieni auvuke mstari wa zulia ulio mbele yake. Wengi wao wakipata mstari wa kuvuka, hatua huwatoka.

Ramadhani, muulizeni daktari wake. Dawa hizi hunywewa mara kadhaa mchana na kuziacha ghafla ni hatari. Daktari akisema hawezi kufunga, basi kwa kuwa maradhi haya hayana tiba ya kuyaondoa, hafungi wala halipi: ni kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku.

Kuna jambo hukuliuliza, nami nimeliona likiumiza nyumba. Maradhi haya hukaza misuli ya uso, mzee akaonekana amenuna, na sauti yake ikafifia. Watoto hudhani baba hana radhi nao, wakaanza kumkalia mbali. Sogeeni karibu, mumsikilize mpaka amalize neno lake, hata likichelewa.

Wallahu a'lam.