Swali la Msomaji: Nimepangiwa Chumba cha Watoto Wachanga, Nianzie Wapi?

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada. Nimepata leseni mwaka huu na kuajiriwa katika hospitali ya wilaya mkoani Njombe. Nilitarajia kupangiwa wodi ya watu wazima, lakini muuguzi mfawidhi amenipeleka chumba cha watoto wachanga, ambako nilipokuwa chuoni nilipita kwa muda mfupi tu. Nikimshika mtoto njiti mwenye gramu 1,400, mikono inanitetemeka. Wenzangu walionitangulia ni watu wema, ila kila nikiwauliza jambo hunijibu, "Utazoea." Wiki iliyopita mtoto mmoja alifariki katika zamu yangu ya usiku, na tangu hapo nawaza kuomba nihamishwe. Nijifunze nini kwanza, na je, niombe uhamisho?

Muuguzi mpya, Njombe

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kifo hicho. Suala la uhamisho nitalijibu mwishoni, kwa sababu jibu lake linategemea haya yanayotangulia.

Wauguzi wengi wapya wakiingia chumba hicho hukimbilia kujifunza mashine: kitotoleo, taa za kutibu manjano, kipima oksijeni. Mimi nakushauri uanze na mtoto mwenyewe, yaani kumtazama na kumhesabu. Mtu mzima akipata maambukizi atapata homa, atalalamika, ataita. Mtoto mchanga, hasa njiti, anaweza kupata maambukizi ya damu huku mwili ukipoa badala ya kupanda joto, na dalili pekee utakayoiona ikawa ni kwamba jana alinyonya vizuri na leo amelegea. Hata degedege lake si la kutupa mikono na miguu kila mara. Huenda likawa ni kuchezesha midomo tu, au kukanyagakanyaga miguu kama anayeendesha baiskeli. Asiyemtazama kwa makini atapita kitandani na kuandika kwamba hali ni nzuri.

Anza na pumzi. Mfunue kifua, tazama saa yako, uhesabu kwa dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa kuwa mtoto mchanga hapumui kwa mpangilio: huvuta haraka haraka, akatulia sekunde chache, akaendelea. Kwa kawaida hupumua kati ya mara 30 na 60 kwa dakika. Akifika 60 au zaidi, rudia kuhesabu akiwa ametulia, halafu angalia kama kifua kinabonyea kwa ndani, kama pua zinatanuka, na kama anaguna kila anapotoa pumzi. Kutulia kwa sekunde tano hivi kwa njiti si jambo la kutisha, lakini akikaa sekunde 20 bila kuvuta, au akibadilika rangi kabla ya hapo, msugue mgongo au nyayo mara moja, na asipoitikia chukua ambu, yaani mfuko wa kumpulizia hewa kwa mkono. Mfuko huo na barakoa yenye ukubwa unaomfaa vikaguliwe mwanzoni mwa kila zamu, kwa mikono yako, hata kama ripoti inasema vipo. Kama hospitali yenu ina mwanasesere wa mafunzo, mwombe mkunga mzoefu akusimamie ukifanya naye mazoezi hadi uweze kumpa pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, huku kifua kikinyanyuka kila unapobonyeza. Mtoto aliyezaliwa bila kupumua anatakiwa awe ameanza kusaidiwa kupumua ndani ya dakika ya kwanza, na dakika hiyo haitoshi kutafuta barakoa kabatini.

La pili ni joto, na kwa Njombe, hasa mwezi wa Juni na Julai, hili usilifanyie mzaha. Joto la mtoto liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Mizani ya baridi isiyotandikwa kitambaa, dirisha lililoachwa wazi, nepi mbichi, hata mikono yako uliyotoka kuinawa, vyote vinampunguzia joto. Kuogesha kusubiri angalau saa 24 baada ya kuzaliwa. Dawa kubwa ya baridi hiyo ni kifua cha mama. Huduma hiyo ya kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, iitwayo huduma ya kangaroo, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mahali ambapo vitotoleo havikutosha, na kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa ni ya njiti ambao hali zao zimekwisha kutengemaa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2021, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kwamba kuianza mapema, hata kabla mtoto hajatengemaa, kunapunguza vifo kwa robo. Kwa hiyo mfundishe mama: mtoto akae wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi, miguu imekunjwa kama ya chura, kofia kichwani, na kitenge kilichofungwa imara kiasi kwamba mama anaweza kutembea bila kumshika. Mama akichoka, bibi au baba apokee.

Katika dawa nakuomba uwe mwoga, na uoga huo usikuishe. Daktari akiandika jentamaisini miligramu 6, na kichupa ulichonacho kina miligramu 80 ndani ya mililita 2, basi kila mililita ina miligramu 40, na unachotakiwa kuvuta ni mililita 0.15. Nukta ikihama nafasi moja utavuta mililita 1.5, yaani miligramu 60, mara kumi ya kipimo, dawa inayoweza kumharibia figo na masikio. Na kwa macho, mililita 1.5 katika bomba la sindano haionekani kuwa nyingi hata kidogo. Tumia bomba la mililita 1, andika hesabu kwenye karatasi, kisha mwombe mwenzako aikokotoe upya bila kuona jibu lako. Oksijeni nayo ni dawa: kwa njiti anayeipata, kipimo cha oksijeni katika damu yake kikae kati ya asilimia 90 na 95, kwa kuwa ikizidi inaweza kumpofusha.

Kunawa mikono kati ya mtoto na mtoto unakujua. Kufanye hata pale wakubwa wasipokufanya.

Mwanzoni nilizitaja taa za kutibu manjano. Huenda hukuambiwa kwamba chanzo chake ni jicho la muuguzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa njiti bustanini wapate hewa na jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka, isipokuwa sehemu iliyofunikwa na shuka, ambayo ilibaki ya manjano. Miaka miwili baadaye daktari Richard Cremer na wenzake wakachapisha matokeo ya kutibu manjano kwa mwanga. Kumwanika mtoto juani, hata hivyo, si badala ya taa, na akina mama wengi bado wanashauriwa hivyo mitaani, waambie. Wewe mtazame mtoto kwenye mwanga wa mchana: macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza si ya kungojea asubuhi.

Sasa kuhusu kuuliza. Ukisema, "Sista, naona huyu mtoto hayuko sawa," utajibiwa utazoea. Sema hivi: "Sista, mtoto wa kitanda cha tatu anapumua mara 72, saa mbili zilizopita zilikuwa 54, kifua kinabonyea na amekataa maziwa." Hapo mtu atainuka. Na kama hakuinuka, mpigie daktari wa zamu, uandike saa uliyompigia.

Kifo cha mtoto yule kitajadiliwa katika kikao cha hospitali cha kupitia vifo vya watoto wachanga. Omba uhudhurie, nenda na kumbukumbu zako za usiku ule, na usikilize kilichotokea kabla hajafika mikononi mwako, kwani mara nyingi mambo huwa yameanzia chumba cha kujifungulia au njiani.

Uhamisho usiuombe kwa sasa. Wiki hii mwombe muuguzi mfawidhi akupange zamu moja na muuguzi mzoefu, usiachwe peke yako usiku hadi atakapokuona ukitumia ambu, ukiweka mrija wa kulishia na ukikokotoa dawa, naye akaridhika. Akikukatalia, na ukaendelea kuachwa peke yako na chumba kizima, hapo andika barua ya uhamisho, na sababu utakayoitaja iwe hiyo.