Video kwenye Antigone: majibu kutoka kwa aliyekuwa mtu wa picha

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kama projekta yako ya lumeni 3,000 (kipimo cha mwanga wake) itatosha kwa ukumbi wa watu 200, kama mcheze video ya kifo cha Haemon wakati mjumbe anasimulia, na korasi, lile kundi linaloimba, mfanyeje wakati wanafunzi mlio nao ni tisa tu. Naanza na la pili, maana ndilo lililotuumbua sisi.

Tuliigiza Antigone, ule mchezo wa Sophocles wa Ugiriki ya kale, tukiwa mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dar. Kwa asiyeujua: mfalme Creon anakataza Polynices asizikwe, dada yake Antigone anamzika, anafungiwa pangoni, na mchumba wake Haemon, mtoto wa Creon, anajiua huko. Kiswahili chake tulikifasiri wenyewe darasani kutoka matoleo mawili ya Kiingereza, kila kundi na onyesho lake. Mimi nilikuwa mtu wa picha. Niliazima kamera, tukaenda machimbo ya kokoto Kunduchi kwa sababu tulitaka ukuta wa mawe ufanane na pango, tukapiga siku mbili nzima: Antigone ananing'inia kwa kitambaa chake, Haemon amemkumbatia kiunoni, Creon anaingia, upanga unachomolewa. Damu tuliichanganya kwa rangi na sukari. Nilijiona nimemaliza kazi.

Usiku wa kwanza mjumbe akaanza kusimulia, na video ikaanza nyuma yake. Yule kijana ndiye aliyekuwa mwigizaji wetu bora, na simulizi yake ina mistari kama hamsini ambayo alikuwa ameikariri yote. Hakuna aliyemtazama. Macho yote yalikwenda kwenye kitambaa cha skrini. Ilipofika ile damu, ikaonekana kama juisi ya rozela, mtu mmoja nyuma akacheka, safu nzima ikafuata. Mjumbe anasema "damu ikamrukia shavuni" na watu wanacheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baadaye usiku tulikaa na andiko tukalisoma upya, na jambo lilikuwa pale pale mbele yetu. Mjumbe haisimulii hadhira. Anamsimulia Eurydice, mama yake Haemon. Sophocles alimtoa yule mama ndani ya nyumba makusudi ili asikie. Anasikiliza mpaka mwisho, hasemi neno, anageuka anaingia ndani, na huko anajiua. Kwa hiyo kitu cha kutazamwa wakati ule si pango, ni mama anayesikia. Sisi tulikuwa tumemweka pembeni gizani kwa sababu "ana maneno machache".

Usiku wa pili video ya machimbo tuliitupa. Tulichukua kamera ile ile, tukaiweka kwenye stendi chini ya jukwaa, tukaielekeza usoni kwa Eurydice, picha ikaenda moja kwa moja kwenye kitambaa. Mjumbe anasema, uso wa mama uko nyuma yake, mkubwa, unabadilika polepole. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Hapa kuna siri ya kiufundi ambayo tuliipata kwa bahati tu. Picha ya kamera ikipitia kwenye kompyuta huchelewa kidogo kufika kwenye projekta. Kwa mtu asiyesema, hakuna atakayejua. Tulipolewa sifa tukajaribu na Creon akihutubia, midomo ikaachana na sauti, akawa kama zile tamthilia za Kifilipino zilizotiwa sauti za Kiswahili. Tukaiacha. Kamera ya moja kwa moja iwe kwa anayesikiliza, asiwe anayesema.

Halafu usidhani Wagiriki walikuwa hawana "mitambo". Walikuwa na jukwaa dogo la magurudumu, ekkyklema, lililosukumwa kutoka mlangoni likiwa limebeba maiti. Mwishoni mwa Antigone mwili wa Eurydice unaonekana, na Creon anaambiwa aangalie, haumo tena ndani. Lakini tazama mpangilio: kwanza mtu anakuja anasema kwamba mama amekufa, ndipo mwili unaonekana. Na Haemon ni vivyo hivyo, kasimuliwa kwanza, kisha baba yake anaingia naye mikononi. Neno linatangulia, jicho linafuata. Sisi tulivigonganisha, vikauana. Kwa hiyo ukitaka kutumia skrini yako kama ekkyklema, subiri neno limalizike, hesabu hata sekunde tano za kimya, ndipo ulete picha. Picha iliyotulia, isiyo na muziki.

Sasa korasi. Wakati wa Sophocles ilikuwa watu 15. Nyie mko tisa, na baadhi watakuwa na nafasi nyingine, basi itabaki korasi ya wanne. Hadhira haihesabu. Msije mkajaza pengo kwa watu wa kwenye video, maana mtu wa kwenye video hawezi kumgeukia Creon.

Kosa letu lilikuwa kwenye ule wimbo maarufu wa binadamu. Unajua unavyokwenda: binadamu anavuka bahari, analima ardhi, ananasa ndege na samaki, anafuga farasi na fahali, amejifunza kusema na kujenga, kifo tu ndicho hajakipatia njia. Nilitafuta picha ya kila kitu. Likitajwa bahari, meli. Ikitajwa ardhi, trekta. Wakitajwa ndege, ndege. Mwalimu wetu alitazama mazoezi akauliza kama hili ni bango la chekechea. Aliniudhi, ila alikuwa na haki.

Na kulikuwa na ugomvi mwingine juu ya wimbo huo huo. Lile neno la Kigiriki linaloufungua, deinos, lina sura mbili, la ajabu na la kutisha. Kundi moja lilitaka "maajabu ni mengi", jingine "vya kutisha ni vingi". Ukichagua moja umeukata wimbo nusu, kwa sababu yule anayesifiwa kwa akili ndiye huyo huyo atakayeivunja nyumba yake. Mwisho tuliandika "Yako mengi ya kustaajabisha na kuogofya". Si tamu sana mdomoni, lakini inabeba zote mbili.

Picha tuliyobaki nayo ilikuwa moja tu. Asubuhi moja Kunduchi nilimpiga mzee mvuvi akishona nyavu zake, mikono tu, dakika nne bila kukata. Wimbo wenyewe unataja nyavu, ila hatukuiweka kwa ajili hiyo. Ilikuwa inaenda polepole kuliko maneno, ikawaacha korasi waimbe, na ukiitazama mikono ile muda mrefu unaanza kuiona kwa namna mbili. Mzee alitaka kujua ni ya tangazo la nini. Nilimwambia ni ya mchezo wa mfalme aliyekataza mtu asizikwe. Akasema huyo mfalme hana wazee wa kumshauri.

Kilichofanya kazi kuliko vyote hakikuhitaji hata skrini. Mchezo unafunguka Antigone akimwambia dada yake Ismene juu ya tangazo la Creon kuhusu maiti za kaka zao wawili, yaani tangazo limeshapigwa kabla hatujafika. Tukaazima spika ya pembe, ile ya gari la matangazo, tukaifunga nje ya ukumbi. Watu wakiwa kwenye foleni ya tiketi, inatangaza: Eteocles azikwe kwa heshima, Polynices asizikwe, asililiwe, atakayekaidi atauawa. Lugha ile ile ya matangazo ya mtaani, na kukwaruza kwake. Mama muuza karanga pale getini akaja kuuliza ni msiba wa nani na kwa nini wanakataza kuzika. Watu wakaingia ndani tayari wanabishana.

Projekta. Lumeni 3,000 zinatosha kama picha haizidi upana wa mita tatu hivi na taa za jukwaa hazigusi kitambaa. Wagiriki walicheza mchana kweupe, wewe unalazimika kuweka giza, na giza linameza nyuso. Taa zako zitoke pembeni, zisitoke mbele, na waigizaji wakae angalau mita mbili mbele ya kitambaa. Ukiweza, rusha picha kutoka nyuma. Sisi tulishona marekani, kile kitambaa cha pamba, vipande viwili tukaivuta mpaka ikakaza kama ngoma, kivuli cha mwigizaji hakikuonekana tena. Ila upime nafasi kwanza: projekta nyingi za kawaida zinahitaji kama mita moja na nusu ya umbali kwa kila mita ya upana, kwa hiyo picha ya mita tatu inataka kama mita nne na nusu nyuma ya kitambaa. Usisahau kuigeuza picha kwenye mipangilio, la sivyo maandishi yatasomeka kinyume. Na kama kitambaa ni chepesi, taa ya lenzi itawachoma watu macho, basi iweke chini sana ama juu sana.

Kebo ya HDMI ikiwa ndefu kupita kiasi picha inakatikakatika. Yetu ya mita 20 ilitutesa mpaka nikahamia nyuma ya jukwaa na laptop, ambako sikuona kitu. Rafiki yangu alikaa ukumbini akanipigia simu mchezo mzima, ananong'ona "sasa". Nunua kebo nzuri mapema, ukae unapoona.

Usitengeneze video moja ndefu inayokwenda na mchezo. Tulianza hivyo, na mwigizaji wa Mlinzi aliporuka mistari minne picha zote zikawa nyuma yake hadi mwisho. Kata vipande, kila kimoja kisubiri ubonyeze baada ya neno fulani, na katikati uweke weusi mtupu. PowerPoint inafanya hivyo bila shida. Zima arifa zote za WhatsApp. Kwa nini nasema hivyo, waliokuwepo usiku wa tatu wanajua.

Na wiki mbili kabla ya onyesho fanyeni zoezi moja zima bila projekta, kwa taa za ukumbi tu. Mandela na wenzake walicheza Antigone gerezani Robben Island, yeye akiwa Creon, na sidhani kama kuna mtu aliulizia skrini. Sehemu itakayolegea siku hiyo, irekebisheni kwa mwigizaji kwanza kabla hujaigusa kamera.

Tafsiri yetu ya ule wimbo wa korasi bado ninayo kwenye flashi. Ukiihitaji njoo inbox, ila mstari wa kwanza msiubadilishe bila kugombana kwanza.