Anza na Veranda: Kwa Anayeanza Insha Binafsi za Australia

Wengi huharibu insha binafsi, yaani insha ya maisha ya mwandishi mwenyewe, katika sentensi ya kwanza kwa kutangaza hisia: "Utoto wangu ulijaa upweke." Msomaji hana pa kushika. Msome mwandishi wa Australia David Malouf katika 12 Edmondstone Street (1985), insha inayokupitisha chumba kwa chumba katika nyumba ya utotoni mwake katika jiji la Brisbane: nyumba ya mbao iliyonyanyuliwa juu ya nguzo, yenye veranda, na uvungu wenye kiza chini ya sakafu. (Usikimbilie kuiita veranda hiyo baraza. Baraza yetu ni ya wageni na soga, ile ni nusu ndani, nusu nje, na watu hulala humo.)

Zoezi lenyewe ni hili. Kabla ya kuandika neno lolote, chora ramani ya nyumba moja unayoijua. Tia alama mlango uliokuwa ukikwama, kabati lililofungwa kwa ufunguo, kona ambayo watoto walikatazwa. Chagua sehemu tatu tu, kila moja uiandikie dakika 20, maneno 150 hivi, bila neno hata moja la hisia. "Baba alikuwa mkali" ni hukumu tupu. "Redio ilizimwa kabla baba hajamaliza kugeuza ufunguo" inatosha, na hapo ukali haujatajwa.

Kosa gumu zaidi kuliona ni kumpa mtoto wa miaka sita akili ya mtu wa arobaini. Chukua kalamu mbili za rangi: moja ipigie mstari alichokijua mtoto siku ile, nyingine alichokuja kukijua mtu mzima. Sentensi yenye rangi zote mbili ikate katikati. Ukurasa wa rangi moja tupu nao una kasoro, maana insha ya aina hii huishi kwenye pengo kati ya wawili hao.

Kwa nidhamu ya kila siku, jifunze kwa mwandishi mwingine wa Australia, Helen Garner. Shajara zake, zilizoanza kuchapishwa 2019, ni vipande vifupi vifupi, naye hajisazi. Mistari mitatu kwa siku yatosha, na maneno ya watu yaandike kama walivyoyasema. Ukiyasafisha yanakufa.

Ukiandika kuhusu mahali, taja wenyeji wake wa asili. Brisbane ni ardhi ya Waturrbal na Wajagera, watu wa asili wa Australia, na insha inayoanza historia ya mtaa kwa nyumba ya kwanza ya mbao itamkera mhariri makini wa huko.

Kuhusu urefu: Tuzo ya Calibre ya jarida la Australian Book Review, iliyoanza 2007, hupokea insha za maneno 2,000 hadi 5,000. Andika 5,000, kisha punguza hadi 3,500. Uanze kukata aya ya mwisho. Mara nyingi humo ndimo ulimokuwa unamfafanulia msomaji alichokwisha kukiona mwenyewe kwenye ule ufunguo.