Skolashipu za mkanda wa gari: wenye watoto haiskuli huku Marekani someni hii

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, hasa huku kwetu Texas, kama una mtoto haiskuli na unawaza ada ya chuo itatoka wapi, kuna skolashipu ambazo watu wetu hawazigusi kabisa. Ni zile za vijana wanaohamasisha wenzao kufunga mkanda kwenye gari. Tukisikia skolashipu tunawaza mtoto anayecheza mpira au mwenye A tupu, kumbe hapa mtoto wa kawaida mwenye moyo wa kujituma ana nafasi nzuri tu.

Kwa mfano, hapa Houston kuna taasisi inaitwa Kailee Mills Foundation. Kailee alikuwa binti wa miaka 16, mwaka 2017 yuko siti ya nyuma na marafiki zake, akafungua mkanda kidogo tu apige selfi, gari likaacha njia, akarushwa nje akafariki. Wenzake waliokuwa wamefunga walipona. Wazazi wake ndio wakaanzisha hiyo taasisi, na mimi kila nikikumbuka habari yake naumia maana hicho alichofanya watoto wetu wanakifanya kila siku.

Sasa, nilimsaidia binti wa dada yangu kuomba skolashipu za aina hii na akapata moja, na ushauri wangu mkubwa ni huu: msianze na ese (ile insha ya maombi), anzeni na kazi. Wanaosoma maombi wameshasoma sana kwamba mkanda unaokoa maisha, wanachotaka kujua ni wewe umefanya nini na nani kabadilika. Kwa hiyo usisubiri mwaka wa mwisho, mtoto akiwa darasa la 10 au 11 aanze.

Binti yetu aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, yeye na wenzake wakakaa asubuhi kwenye geti la parking wakahesabu nani kafunga na nani hajafunga, hesabu ya madereva mbali na ya abiria mbali. Halafu wakabandika mabango pale pa kutokea, wakatengeneza video fupi wenyewe kwa lugha yao ya kitoto, baada ya wiki kadhaa wakahesabu tena. Ile tofauti ya mwanzo na mwisho ndo ikawa moyo wa ese yake. Abiria ndo walikuwa tatizo, na hapo ndo pa kukomaa napo, maana kijana dereva anafunga akimwogopa polisi ila rafiki aliyejazana nyuma anajiona hayumo.

Kingine, watoto wetu wana kitu ambacho wengine hawana. Sisi tumekulia kwenye daladala na Noah, siti ya nyuma mkanda umefichwa chini ya kava au haupo kabisa, tukafika huku na tabia ileile wakati sheria ya Texas tangu 2009 inataka kila mtu afunge, mbele na nyuma. Basi binti akaomba dakika chache baada ya ibada ya Kiswahili akaongea na wazee kwa adabu, shikamoo kwanza, akawaeleza kwamba wa nyuma asipofunga gari likigonga anamrukia wa mbele, na kwamba kwa takwimu za NHTSA, idara ya serikali ya Marekani ya usalama barabarani, mkanda unapunguza hatari ya kufa kwa 45% kwa anayekaa mbele kwenye gari dogo. Wamama walimuuliza maswali mpaka akachelewa chakula. Hiyo ese nani mwingine angeiandika?

Makaratasi sasa. Tunzeni picha, tarehe, zile hesabu, na barua ya mwalimu aliyeona kazi, iombeni mapema kabla hajabanwa na wanafunzi wengine. Someni masharti yote, baadhi wanataka raia au mwenye green card, wengine hawaulizi, wengine ni wa kaunti fulani tu. Na skolashipu inayodai hela ya kuomba achana nayo, usimpe mtu namba ya social security kwenye fomu usiyoielewa.

Na hili wengi hawaambiwi jamani: ukipata hela ya nje lazima uijulishe ofisi ya financial aid ya chuo, na chuo kinaweza kupunguza msaada wake chenyewe. Binti yetu ilimkuta, walitaka kukata kwenye grant, ile hela ya msaada isiyorudishwa. Dada akawaandikia imeili kwa upole akauliza kama wanaweza kukata kwenye mkopo au work-study (hela ya kazi anayopangiwa mwanafunzi) kwanza, wakakubali, mkopo ukapungua grant ikabaki. Ulizeni hivyo hivyo, kwa maandishi, kabla cheki haijatumwa.