Mvuke usiouona ndio unaoozesha mahindi yako

Kila msimu wa mavuno hapa Busia, upande wa Uganda, wakulima wanaoleta mahindi ghalani huniuliza swali lilelile: tumeyaanika wiki nzima, jua lilikuwa kali, mbona yamefanya kuvu? Kazi yangu ni kupokea nafaka na kuitunza, nami nimeifanya kwa miaka mingi. Ninachotaka kila mkulima akijue kabla ya mavuno ya mwezi wa saba ni hiki: jua huyatoa maji kwenye punje, lakini hewa ndiyo inayoyapokea. Na usiku ukiingia, hewa hiyohiyo huyarudisha.

Maji hayo husafiri yakiwa mvuke, na mvuke hauonekani. Tazama birika linalochemka. Pale mdomoni kabisa, kabla ya lile wingu jeupe kuanza, kuna nafasi ndogo ya upana wa kidole ambayo macho hayaoni kitu. Mvuke uko hapo. Lile jeupe ni mvuke uliokwisha kupoa ukawa matone madogo mno. Usipeleke mkono penye ule uwazi, ndipo panapochoma zaidi. Mama anayepika matoke kwa majani ya mgomba hulifunua sufuria kwa upande ulio mbali na uso wake, na ana sababu nzuri: maji yakigeuka mvuke hubeba joto linalozidi mara tano lile la kuyapasha kutoka nyuzi 0 hadi 100. Mvuke ukigusa ngozi na kurudi kuwa maji, joto lote hilo hubaki mkononi.

Sasa turudi kwenye mahindi uliyoyaanika juu ya turubai lako. Hewa yenye joto la nyuzi 30 inaweza kubeba kama gramu 30 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 20, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17. Kwetu huku mchana hukaribia nyuzi 30 na usiku hushuka hata chini ya 20. Kwa hiyo hewa iliyokuwa na nusu tu ya uwezo wake saa tisa alasiri inaweza kuwa imejaa pomoni kabla ya alfajiri, bila kuongezewa mvuke wowote. Unaozidi huanguka kama umande juu ya majani, juu ya mabati, na juu ya mahindi uliyoyaacha nje. Hata pale umande usipoonekana, punje kavu iliyokaa kwenye hewa iliyojaa hunywa unyevu polepole usiku kucha.

Ndiyo maana nawaambia watu wasianike mapema mno. Saa moja asubuhi ardhi bado ina umande, na turubai ukilitandika hapo unaufungia mvuke chini yake. Subiri majani yakauke, mara nyingi ni kama saa tatu au saa nne. Tandaza mahindi kwa unene usiozidi vidole vitatu, uyageuze mara kwa mara, kisha yafunike au uyaingize ndani saa kumi na moja jioni, kabla hewa haijapoa. Anayeyaacha hadi saa mbili usiku kwa kuwa mvua haijanyesha amepoteza sehemu ya kazi ya siku nzima. Na tafadhali, usianike juu ya udongo mtupu. Udongo una kuvu, na hutoa mvuke wake wenyewe kutoka chini.

Wingi wa mvuke wa eneo letu unatokana na ziwa. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, na maji yanayoondoka humo kwa kuvukizwa ni mengi kuliko yale yanayobebwa na Mto Nile kutoka Jinja. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani ukileta mvuke huku kwetu, mvuke hupanda, hupoa, na mawingu hurundikana. Mvuke unapogeuka matone ndani ya wingu hutoa lile joto lake, na hilo ndilo linalolisukuma wingu lizidi kupanda hadi radi zianze. Ukiona saa sita mchana mawingu yanajenga minara meupe badala ya kutanda, kusanya mahindi, usingoje yawe meusi. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana katikati, na dhoruba huzaliwa majini usiku wa manane na kabla ya alfajiri. Vijana wetu wa Majanji wanaokwenda kuvua saa hizo wavae jaketi za kuokolea maisha na wasikilize utabiri wa hali ya hewa kabla ya kusukuma mtumbwi. Hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa ziwa hili limeondoka na watu wengi.

Nirudi ghalani. Punje ni kitu hai. Hupumua, na ikipumua hutoa joto na mvuke. Ukifunga gunia lenye mahindi mabichi kidogo, au mahindi yaliyotoka juani yakiwa bado na moto, katikati ya gunia hupata joto. Mvuke huhama kutoka kwenye joto kwenda kwenye ubaridi: kwenye mdomo wa gunia, kwenye upande ulioegemea ukuta, kwenye kitako kilichokaa juu ya saruji. Hapo hugeuka maji. Nimefungua magunia ambayo punje za katikati zilikuwa safi kabisa, na zile za pembeni zimeshikana bonge la kijani. Ingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Ukikutana na fukuto, lifungue leo hii, usingoje kesho. Yapoze mahindi kivulini kabla ya kuyafunga, panga magunia juu ya mbao, na uache nafasi ya kupita mtu kati ya magunia na ukuta. Madirisha ya ghala fungua alasiri hewa ikiwa kavu, yafunge jioni. Watu wengi hufanya kinyume, hufungua asubuhi yenye ukungu wakidhani wanaingiza hewa safi.

Kuvu wa kijani ninaowasema ndio wanaotengeneza sumukuvu, yaani aflatoksini, inayoharibu ini na kuleta saratani, na kupika posho, yaani ugali, hakuiondoi. Mwezi Machi mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu yake, na hata baada ya siku chache zuio lilipoondolewa, walitaka cheti kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hapa mpakani tuliona malori yamepanga foleni.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha unyevu wa mahindi ni asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, jaza mahindi theluthi moja, weka vijiko vidogo viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Isipogandama, usishangilie bado, kwani unaweza kuwa kwenye 14 na nusu. Mimi humshauri mtu aanike siku moja au mbili zaidi, kisha ndipo afunge. Hata yale magunia yasiyopitisha hewa huyasaidia mahindi makavu tu. Ukitia mabichi humo, umeufungia mvuke ndani.

Liko jambo moja gumu, nami sitalificha. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 20 lazima lipoteze karibu kilo saba na nusu za maji ili lifike 13.5. Mkulima anayauza mahindi kwa uzito, kwa hiyo kila siku ya kuanika anaona pesa zake zikipaa hewani, na mnunuzi wa barabarani yuko tayari kuyachukua hivyohivyo. Siwezi kumlaumu. Wanunuzi wenzangu, pimeni unyevu mbele ya mkulima, mwonyesheni namba, na mlipe mahindi makavu kwa bei inayozidi ile ya mabichi kiasi cha kufidia zile kilo saba na nusu na kazi yake. Akilipwa sawa na jirani aliyeleta mabichi, msimu ujao naye ataleta mabichi.