Jibu kwa aliyeuliza: deraya ya chuma kama mradi wa chuo

Ndugu yangu, umeeleza kwamba uko mwaka wa pili wa stashahada ya ufundi mitambo hapa Mwanza, kwamba umependekeza deraya ya kuvaliwa, yaani bamba la kifua pamoja na bega moja, iwe mradi wako wa muhula, na kwamba msimamizi wako anataka kwanza umwambie utatumia chuma gani na cha unene gani. Mradi unaofanana sana na huo niliufanya nilipokuwa mwanafunzi, nusu yake katika karakana ya chuo na nusu nyingine kwa mzee mmoja fundi wa majiko na masanduku ya bati kule Mabatini. Kwa kuwa nilikosea mahali pengi ambapo wewe hujafika bado, nitakujibu kwa urefu.

Swali la unene lina jibu fupi. Nunua bati jeusi, yaani lisilopakwa zinki, la geji 18, ambalo lina unene wa takriban milimita 1.2. Mita moja ya mraba ya bati hilo ina uzito wa kama kilo 9.4, na bamba la kifua la mtu wa umbo la kawaida hula kasoro kidogo ya robo ya mita ya mraba, kwa hiyo utabeba kilo mbili na ushei. Ukikimbilia milimita 2 kwa kudhani kwamba unajiongezea uimara, bamba hilo hilo litakaribia kilo 4, na kulikunja kwa nyundo ya mkono bila moto kutakumalizia muhula mzima. Mwambie msimamizi wako pia kwamba deraya kamili za vita za Ulaya katika karne ya 15, zile za mafundi wa Milan na Nuremberg, zilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 25 kwa mwili mzima, na mvaaji aliweza kupanda farasi na kupigana nazo kwa sababu uzito huo uligawanywa kwenye mabega, kiuno na miguu. Shiti nzima ya futi nane kwa nne ina uzito wa kilo 28 hivi na ni kubwa mno kwa kazi yako. Tafuta wauzaji wa vipande vilivyobaki kwenye kazi za mageti, Nyakato au Igoma, uchague kipande kisicho na kutu iliyokwisha kula ndani.

Swali ambalo msimamizi wako hakukuuliza, nami naliona zito kuliko la unene, ni nani atakayeivaa. Deraya ni nguo, na fundi wake ana deni kwa fundi cherehani kabla hajawa na deni kwa mhunzi. Mimi sikulijua hilo. Nilimpima mwenzangu tuliyekuwa tukikaa naye chumba kimoja akiwa amesimama wima, ametunisha kifua, amevaa fulana nyepesi, kisha nikachora bamba linaloteremka mpaka kwenye mkanda wa suruali kwa sababu nilitaka lifunike tumbo lote. Nililifua kwa wiki tatu. Siku alipolivaa alionekana vizuri sana akiwa amesimama, lakini alipoketi kwenye benchi ukingo wa chini uligonga mapaja yake, bamba zima likapanda, na ukingo wa juu ukamkaba chini ya kidevu hata ikabidi ashike kwa mikono miwili ili apumue. Alipojaribu kuleta mikono yake mbele, kingo za kwapa zilimuuma kifuani. Mzee wa Mabatini alimtazama kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, huyu mtu wako hakai chini?" Nikamjibu kwamba nilimpima akiwa amesimama tu. Akasema, "Basi umetengeneza mlango," akarudi kwenye jiko lake.

Kwa hiyo pima hivi. Mwambie mvaaji ainame upande wa kushoto na wa kulia, uone mahali mwili unapojikunja. Ni juu ya kitovu, karibu na pale mama anapofungia kanga, na hapo ndipo bamba la kifua linapaswa kukoma. Tumbo la chini hufunikwa na vibamba vingine vinavyoning'inia, ukipenda kuviongeza. Kwapa zikatwe kwa kina kiasi kwamba mvaaji anaweza kukumbatia mabega yake mwenyewe, na shingoni uache nafasi ya vidole vitatu chini ya kishimo cha koo. Utaona kifua kinakuwa chembamba kwa juu kuliko ulivyotarajia, na moyo utakusukuma ukipanue. Usikipanue.

Vipimo vyote uvichukue mvaaji akiwa tayari amevaa vazi la ndani, na hapa sisi wa Usukuma, tunaolima pamba, tuna bahati. Deraya za zamani hazikuvaliwa juu ya ngozi wala juu ya shati. Chini yake kulikuwa na koti nene la vitambaa vilivyoshonwa pamoja au kujazwa pamba, lililozuia chuma kumchubua mtu na kupunguza nguvu ya pigo. Nilinunua kitambaa cha marekani, nikapata pamba iliyochambuliwa kwa fundi wa magodoro, na fundi cherehani akaishona kwa mistari ya wima iliyoachana vidole vitatu ili pamba isishuke chini. Koti hilo liliongeza karibu sentimita sita kwenye mzunguko wa kifua. Hesabu hiyo ukiisahau, bamba lako litamtosha mtu mwingine.

Baada ya hapo kata mfano wa maboksi makavu ya dukani, ulikunje, ulifunge kwa kamba juu ya mvaaji, umwambie aketi, ainame, aokote kitu sakafuni, apande ngazi. Mimi, mara ya pili, nilikata mifano minne kabla sijagusa bati, na kila mmoja ulinifundisha jambo ambalo ule uliotangulia haukulionyesha. Mfano wa tano ndio uliolazwa juu ya bati na kufuatishwa kwa msumari.

Kazi ya nyundo ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa sababu ndiyo iliyonipa furaha kubwa na ndiyo inayoandikwa vibaya kwenye ripoti nyingi. Kuna namna mbili za kulitia bati umbo la bakuli. Ya kwanza ni kuliweka juu ya shimo na kulipiga kwa ndani, likatanuka na kuwa jembamba katikati. Ya pili ni kulipiga kwa nje juu ya kichwa cha chuma, ukilirudisha lijikusanye, na hii huhifadhi unene lakini inadai uzoefu ambao mwanafunzi hana. Mimi nilitumia ya kwanza. Nilianza kwa kujaribu kishimo kwenye jiwe, kwa kuwa Mwanza mawe ni mengi kuliko visiki, nikagundua kwamba chembe ngumu za jiwe huchapa alama kwenye bati kila unapopiga, na alama hizo haziondoki kwa msasa. Nikaenda kwenye kisiki cha mwembe. Tulichonga shimo la upana wa sahani na kina cha vidole viwili, tukalilainisha kwa kulichoma kidogo na kulikwangua, na kisiki kile kilitumika mpaka mwisho wa mradi.

Chukua nyundo yenye kichwa cha mviringo, ukisugue kwa msasa mpaka king'ae, kwa maana kila kovu la nyundo litahamia kwenye bati. Anza nje ukizunguka kuelekea katikati, mapigo yafuatane kama mishono, na usipige mahali pamoja mara mbili mfululizo. Masikio yatakusaidia: pigo lililokaa vizuri juu ya mti linatoa sauti nzito na fupi, na bati lililoning'inia hewani linalia kama debe. Kingo zitaanza kujikunja mawimbi. Yasawazishe mapema kwa nyundo ya mbao, kwa sababu wimbi likijilalia lenyewe bati hukatika. Ukimaliza kina, geuza kazi, uilaze juu ya kichwa cha chuma cha mviringo (mimi nilitumia ncha ya ekseli kuukuu tuliyoizungushia tupa), uguse kwa nje mapigo mepesi mpaka vinundu viishe. Nilipima unene kwa maikromita kabla na baada: katikati ya kifua bati lilishuka kutoka milimita 1.2 mpaka 0.9, na pembeni halikubadilika. Vipimo vya namna hii, vikichukuliwa kila baada ya sentimita tano na kuchorwa, vitaipa ripoti yako uzito ambao picha za bamba linalong'aa haziwezi kuipa.

Sasa jambo la hatari. Bati jeupe la kuezekea limepakwa zinki, na mimi, kwa kutaka kubana matumizi, nililitumia kwa vibamba vya bega. Lilipokuwa gumu kwa kupigwa nikalitia kwenye moto wa makaa na mvukuto ili lilainike. Moshi mweupe ulitoka, na nyuzi nyepesi nyeupe zikaelea hewani kama pamba, kinywani nikahisi utamu wa ajabu wa chuma. Usiku ule nilitetemeka kwa homa na viungo vyote vikauma, nikaamka kwenda zahanati nikiwa na hakika ni malaria. Kipimo kilionyesha sina malaria, na kesho yake jioni nilikuwa mzima. Mzee wa Mabatini ndiye aliyenieleza kwamba mafundi wa kuchomelea wanaijua homa hiyo vizuri. Inatokana na mvuke wa zinki, huja saa kadhaa baada ya kuuvuta, na kwa sababu inafanana sana na malaria mtu anaweza kumeza dawa zisizohusika na kesho akarudia kosa lile lile. Usitie bati la zinki motoni wala usilichomelee kwa deraya yako. Vivyo hivyo pipa lililowahi kubeba mafuta ya petroli au dizeli usilikate kwa grenda wala kwa moto, hata kama mwenye nalo anakuapia kuwa ni tupu, kwa maana mvuke uliobaki ndani hulipuka. Bati jeusi, ukihitaji kulilainisha, lipashe moto mpaka liwe jekundu, kisha lifukie kwenye majivu lipoe polepole.

Bega ndilo litakalokuonyesha kama umeelewa. Langu lilikuwa la vibamba vinne vilivyopishana sentimita mbili, vimeshikwa katikati kwa ukanda wa ngozi upande wa ndani na pembeni kwa ribiti (vipini vifupi vya chuma vinavyofuliwa kichwa ili visichomoke) zinazoteleza ndani ya mifereji, yaani matundu marefu membamba, ili mkono ukipanda vibamba vijikusanye na ukishuka vitanuke. Ribiti nilizikata kutoka misumari ya milimita 4, nikiacha milimita 6 zitokeze nje kwa ajili ya kufua kichwa, yaani mara moja na nusu ya kipenyo. Ukifua ribiti moja kwa moja, vibamba vitabanana na havitasogea kamwe. Weka kipande cha katoni kati ya vibamba viwili, na upande wa mfereji weka washa, kile kibati cha duara chenye tundu katikati, fua kichwa mpaka kikae, kisha lowesha katoni kwa maji na uichomoe. Pengo linalobaki ndilo linaloruhusu mwendo. Kipande cha kwanza kilichoteleza vizuri nilikichezea kwa saa nzima, nikiinua na kushusha, nikisikiliza ule mlio wake wa kufuatana.

Kingo zote zipigwe tupa mpaka uweze kuzipitisha kidole, na za shingoni na kwapani zikunjwe juu ya waya wa milimita 3. Acha nyongeza ya mara mbili na nusu ya kipenyo cha waya pamoja na unene wa bati, la sivyo mkunjo hautafunga. Mikanda iwe ya ngozi yenye bizimu, iliyofungwa kwa ribiti zenye washa kwa ndani, na ile inayobeba uzito mabegani iwe mipana.

Rangi sikutumia. Nilipasha bamba moto mpaka mafuta yakitiwa yanafuka, nikalifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya alizeti, tabaka tatu nyembamba, likawa jeusi lenye mng'ao mzito. Karibu na ziwa kutu haichelewi. Bamba nililoliacha wazi bila mafuta karibu na dirisha lilikuwa na madoa ya rangi ya udongo ndani ya siku nne. Koti la pamba lianikwe kila baada ya kuvaliwa, lisihifadhiwe likiwa limegusana na chuma, kwa sababu jasho ni chumvi.

Siku ya kuonyesha mradi, mvaaji asikae juani. Mwenzangu alivaa dakika ishirini katika jua la saa saba akaanza kuona kizunguzungu, kwa kuwa pamba ilizuia jasho lisikauke na chuma kilikuwa kimepata moto. Pia watakuwepo watu watakaotaka kujaribu kama inazuia kisu au risasi akiwa ameivaa mtu. Kataa. Chuma cha milimita 1.2 hakizuii risasi, na kisu kinaweza kupita kwenye pengo lolote. Ukitaka kuipima, ifunge juu ya gunia la mchanga, uangushe uzito unaojulikana kutoka kimo unachokijua, kisha upime kina cha bonyeo.

Ukishampima mvaaji, niandikie hapa mambo matano: mzunguko wa kifua akiwa na koti la pamba, mzunguko wa kiuno pale panapojikunja, urefu kutoka kishimo cha koo mpaka kiunoni, upana wa kifua kati ya kwapa na kwapa mikono ikiwa mbele, na mzunguko wa mkono begani. Nitakuchorea mfano wa vibamba vinne vya bega uukate kwenye katoni.